Viti vya Matanga

Mama Shakila aliinuliwa kwenye kiti mbele ya watu, saa mbili na nusu za usiku, na kiti chenyewe kilikuwa chake.

Ulikuwa usiku wa sanaa. Barabara kubwa ya katikati ya mji ilifungwa tangu jioni, magari yakaelekezwa kwingine, na mpaka kupambazuke kazi ilikuwa moja tu, kutazama. Hapa mtu anachora ukutani, pale mwingine anameza moto, ng'ambo wacheza ngoma wa Masisi wanatingisha njuga, na kando yao kijana anasoma mashairi kwenye kipaza sauti kinachokohoa kuliko yeye. Mbele ya jukwaa kubwa vilipangwa viti mia tatu vya plastiki. Vyote vilitoka mtaa wa Majengo, kwa Yuma, mwana wa Mama Shakila. Mama ndiye aliyeianza kazi ya kukodisha viti, akiwa na viti kumi na viwili tu, enzi zile alipokuwa anavibeba kichwani mwenyewe. Mpaka leo kila kiti cha nyumba ile kina alama nyekundu chini yake, na aliyeichora ni yeye.

Alikuja kumsikiliza mjukuu wake. Faida, binti wa Yuma, msichana wa miaka kumi na saba, alikuwa aimbe saa sita na kikundi cha wasichana wa Majengo. Wimbo ulikuwa wa mji wa Kasongo, na Mama Shakila alimfundisha mwenyewe, miezi mitatu jikoni, sahani zikiwa bado hazijaoshwa. Kwa hiyo siku hiyo alivaa kitenge kipya, akajifukiza udi, akatangulia mapema na kukaa mstari wa mbele.

Akaja kijana wa protokole, wale wanaopanga wageni, beji kifuani. Aliitwa Janvier.

"Mama, simama kidogo."

"Kuna nini, mutoto yangu?"

"Hii mustari iko ya wakubwa."

"Na mimi unaniona mudogo?"

Watu wakacheka, na Janvier hakupenda. "Mama, usinipatie kazi. Direkta amesema."

"Mwambie direkta hii kiti iko yangu."

"Leo kila mutu anasema kiti iko yake."

"Ngoja basi nikuonyeshe."

Hapo ndipo alipokosea. Alisimama ili akipindue kiti, aonyeshe ile alama, na alipokwisha kusimama tu Janvier akakivuta na kumpa bwana mmoja wa shati jeupe aliyekuwa anasubiri. Bwana akakaa bila kuangalia. Pindo la kitenge cha mama likabaki chini ya makalio yake. Mama Shakila akavuta mara moja, akavuta mara ya pili, mpaka bwana akainua tako moja, kama mtu anayempisha paka. Kitenge kikatoka. Kicheko cha safari hii kilikuwa kikubwa zaidi, na aliyechekwa hakuwa Janvier.

Mwanamke wa miaka sabini na nne akaenda kukaa kwenye ukingo wa mtaro, juu ya jiwe la lava. Mpiga picha wa tamasha akamwona pale, akaona ni picha nzuri, akapiga goti, akampiga tatu.

Yuma alikuwa nyuma ya jukwaa anafunga kamba za turubai. Mkewe, Ramla, ndiye aliyekuja kumwita. Alipofika, mama yake alikuwa anapangusa vumbi jeusi kwenye kitenge, polepole, kama mtu aliye peke yake nyumbani.

"Wamekusukuma?" Yuma akauliza.

"Hapana. Usiende kusema walinisukuma. Wameniinua tu, nimeshuka mwenyewe."

"Ni nani?"

"Nipeleke nyumbani, Yuma. Faida mutanisimulia."

Ramla akampandisha kwenye moto, pikipiki ya kukodi, akakaa nyuma yake kumshika, dereva akaondoka nao taratibu kuelekea Majengo.

*

Yuma alikuwa na miaka hamsini na miwili. Mtu wa maneno machache na kumbukumbu ndefu. Alimkuta direkta wa tamasha, Zéphirin, nyuma ya jukwaa, amezungukwa na wageni, kofia ya ukili kichwani, simu mbili mkononi na ya tatu inalia mfukoni. Zéphirin alizaliwa mtaa wa Ndosho, mama yake aliuza makala, mkaa wa kupikia, barabarani, na watu wa rika la Yuma wanamkumbuka akitembea bila viatu. Si dhambi kutembea bila viatu. Yuma alilikumbuka tu, kwa sababu usiku ule alikuwa anatafuta chochote cha kumshusha.

"Muzee Yuma. Viti viko bien, hakuna shida."

"Umemwinua mama yangu."

"Mama gani?"

"Mama Shakila. Mustari wa mbele."

"Ah." Zéphirin akawatazama wageni wake, akatabasamu kidogo. "Janvier ameniambia. Sikujua ni mama yako."

"Angekuwa mama ya mutu mwingine, ingekuwa sawa?"

"Muzee, usinishike maneno. Unataka nini?"

"Panda kwenye jukwaa, umuombe pardon mbele ya wale walioona. Ama chukua moto uende Majengo. Ni dakika kumi."

"Leo? Na watu wote hawa? Nitamupigia simu kesho."

"Hawakumwinua kwa simu."

Mgeni mmoja alicheka. Zéphirin aliposikia kicheko kile, sauti yake ikapanda, maana sasa alikuwa na watazamaji. "Sikia, muzee, tuongee kama watu wakubwa. Viti nimekodi. Kontra tumetia sinyatire wote wawili. Mpaka saa kumi na mbili asubuhi, viti viko vyangu. Nani anakaa, nani hakai, hiyo ni kazi yangu. Kazi yako ni kuvibeba." Akatoa noti ya dola tano, akaitia kwenye mfuko wa shati la Yuma, akaupigapiga mfuko kwa vidole viwili. "Umununulie mama soda."

Yuma hakuitoa ile noti. Aliiacha palepale ili isimruhusu kusahau.

*

Ndani ya kamioneti iliyobeba viti kulikuwa na Hemedi, kaka wa Ramla, dereva wao. Alikuwa amevua viatu, anakula karanga. Yuma akaketi kando yake, akamsimulia yote, mpaka vile vidole viwili.

"Tumuchape," Hemedi akasema.

"Ukimuchapa, kesho yeye ndiye mwenye kuonewa. Gazeti litamwandika."

"Basi tumuchomolee jenereta."

"Ataleta ingine."

Hemedi akatema ganda nje ya dirisha. "Unakumbuka arusi ya Mukamugema? Keki imefika mezani, tukaambiwa muzee Anastase amekufa. Tulibeba viti vyote, bwana-arusi mwenyewe akatusaidia kupakia. Keki wakaikula wamesimama."

Yuma alikumbuka. Hiyo ndiyo desturi ya Majengo, na ya Ndosho pia, na mtu akiivunja hakuna atakayekuja kumzika. Kiti cha arusi kinaazimwa, kiti cha matanga kinadaiwa. Akifa mtu, viti vinaondoka popote vilipo, chini ya yeyote aliyevikalia, na hakuna anayeuliza pesa. Baada ya vita vilivyoingia mjini mwezi wa kwanza, wakati misiba ilikuwa mingi kuliko viti, wazee wa nyumbakumi waliomba hata iandikwe kwenye karatasi za kukodisha. Iko pale mwishoni mwa kontra. Zéphirin alitia saini chini yake.

"Kumbe," Yuma akasema.

Hemedi akaacha kutafuna. Alimjua shemeji yake. "Nani amekufa?"

"Bado."

"Yuma. Na ile kitu hatuchezi nayo."

"Wao wamecheza na nini?"

"Na Faida? Ataimba mbele ya watu waliosimama?"

Hilo Yuma alikwisha kulipima. Faida ni mtoto, usiku wa kuimba utarudi. Heshima ya koko wake, bibi aliyemlea, ni yake pia, atakapokuwa mkubwa ataelewa. Angemweleza baadaye, viti vikisha kupakiwa, amchukue kando amwambie polepole. Hivyo ndivyo alivyolipanga, na liliingia vizuri kichwani kama mbao iliyokatwa sawasawa.

*

Saa tano na robo alimwendea Zéphirin. Alichagua wakati ambapo direkta alikuwa mbele kabisa, kati ya wakubwa, ameinama anamnong'oneza yule bwana wa shati jeupe.

"Zéphirin. Niko na matanga. Nimefuata viti."

Zéphirin akanyooka. Hasira ilimjia usoni kwanza, halafu desturi ikaikamata. Hata mtu mwenye simu tatu, kama amezaliwa Ndosho, hawezi kuuliza zaidi ya swali moja.

"Matanga ya nani, muzee?"

Njiani Yuma alikuwa ametafuta jina. Alifikiria shangazi wa Kindu, akafikiria mjomba ambaye kwa kweli alikwisha kufa zamani. Lakini alipoulizwa, na bwana wa shati jeupe anamtazama kutoka kwenye kile kiti kilekile, jina lililotoka lilikuwa moja tu.

"Ya mama."

Aliona uso wa Zéphirin ukiishiwa damu. Mkono wake ukaenda juu wenyewe, ukavua kofia.

"Mama yule… wa hapa?"

"Yule wa hapa. Amefika nyumbani, akasema kifua. Tukamulaza. Hata maji hakuyamaliza."

Uongo ulikuja na kila kitu chake, hata bilauri ya maji. Na Yuma, hapa lazima niseme kama lilivyokuwa, alisikia utamu. Hakusikia haya, wala hofu ya Mungu. Utamu ulishuka kooni na kutulia tumboni kama chai ya tangawizi asubuhi ya baridi. Alitazama midomo ya Zéphirin inatafuta neno na kulikosa, akatamani saa ile isimame palepale.

Akamgeukia bwana wa shati jeupe. "Papa, simama kidogo."

Bwana akasimama. Wakubwa wote wakasimama. Desturi ikakimbia nyuma kutoka mstari hadi mstari, matanga, matanga, wenyewe wanataka viti, na watu wakainuka bila kulalamika, wengine wakavibandika viti kumikumi na kumpelekea Hemedi. Hemedi alivipokea kichwa chini, hakumtazama mtu. Janvier naye alikuja na vyake, machozi yanamlenga, akamwambia Yuma, "Papa, mimi niliambiwa tu." Yuma akamjibu, "Panga vizuri, visivunjike."

Jambo ambalo hakulipima lilikuwa kipaza sauti.

Zéphirin alikuwa amepanda jukwaani. Alinyoosha mkono, ngoma zikazimika moja baada ya nyingine, hata kijana wa mashairi akanyamaza. "Ndugu zangu," akasema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote za barabara, mpaka zile za mbali karibu na rond-point, mzunguko wa magari. "Tumepata msiba. Mama Shakila wa Majengo, koko wa dada yetu Faida ambaye alikuwa atuimbie saa sita, ametutoka. Na amekufa akiwa na uchungu ambao sisi tulimpa. Usiku wa sanaa umeishia hapa. Twende tukakae na wenzetu."

Nyuma ya jukwaa ikatoka sauti. Yuma alikuwa ameisikia sauti ile jikoni kwake miezi mitatu, ikipanda na kushuka kwa mpango. Sasa haikuwa na mpango. Alikimbia. Akaruka nyaya, akamgonga mwanamke aliyekuwa anauza sambusa, akafika pazia la nyuma. Wasichana wa kikundi walikuwa wamesimama, vitenge vya sare mwilini, wanja usoni.

"Faida yuko wapi?"

"Amepanda moto, papa," mmoja akasema, analia. "Pole, papa. Pole sana."

*

Simu ya Ramla haikupatikana. Simu ya jirani ilipatikana lakini haikupokelewa. Kamioneti ilipanda kuelekea Majengo ikitikisika kwa uzito wa viti.

"Kimbiza," Yuma akasema.

"Nikikimbiza zitamwagika."

Walikwenda kidogo. Hemedi akatazama kioo cha pembeni, akatazama tena.

"Wako nyuma."

"Nani?"

"Wote."

Yuma akatoa kichwa dirishani. Barabara nzima ilikuwa inatembea. Walitangulia wacheza ngoma wa Masisi, njuga wamezishika mkononi zisilie. Wakafuata wasichana wa kikundi, mwanamke wa sambusa na sufuria yake kichwani, mwenye kumeza moto na mienge yake miwili inayowaka kuwamulikia wenzake, na watu wengine mamia. Mbele yao wote alikuwa Zéphirin, kichwa wazi, anatembea katikati ya barabara kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Walikuwa wanaimba wimbo wa maombolezo, taratibu, Wakristo na Waislamu pamoja.

"Shemeji," Hemedi akasema, "sasa utatoa mutu wapi?"

*

Uani kwake tayari kulijaa. Faida alikuwa amelia kutoka mjini mpaka Majengo, juu ya moto, mdomo wazi, na kila mlango aliopita ulifunguka. Majirani walikuja na shuka begani. Walimkuta marehemu anakunywa uji.

Yuma akapita katikati yao. Hakuna aliyempa mkono. Ndani, mama yake alikuwa amekaa kitandani, Faida amelala kichwa mapajani pake, anatetemeka, wanja umemchirizika mpaka kidevuni. Ramla alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Kwenye kona alisimama Habarurema, mzee wa nyumbakumi, mtu mrefu mwenye koti la zamani, ambaye hujikalia kimya mpaka zamu yake ifike.

"Nimekufa saa ngapi?" Mama Shakila akauliza.

Yuma akamtazama Faida.

"Nakuuliza wewe. Nataka kujua, maana saa tano nilikuwa bado ninasali."

"Saa tano na robo."

"Na nimekufa na nini?"

"Kifua."

"Nani ameniosha?"

"Mama…"

"Nani ameniosha, Yuma? Ama mnanizika na jasho langu?"

Ramla alicheka, kicheko kibaya, kisichokuwa na furaha ndani. "Mutoto amenifikia hapa hawezi kusimama. Nilifikiri ni wewe umekufa. Ingekuwa afadhali."

"Yule mutu alimdharau mama," Yuma akasema. "Alinitia pesa mfukoni kama omba-omba. Nilitaka na yeye asimamishwe. Hiyo tu."

"Mimi aliniondoa kwenye kiti," Mama Shakila akasema. "Wewe umeniondoa duniani. Nimlilie nani kwanza?"

Nje wimbo ulikuwa umefika kwenye geti. Ukasikika mlio wa viti vikishushwa, kwa upole, kama inavyotakiwa, miguu minne ikigusa lava pamoja. Watu wa tamasha walikuwa wanapanga matanga wenyewe, na majirani hawakuwaambia kitu, maana neno hilo lilikuwa la mwenye nyumba kulisema.

"Toka ukawaambie," mama akasema. "Marehemu haongei."

*

Yuma alitoka. Aliwakuta wamekaa, mduara ndani ya mduara, mpaka barabarani. Alikuwa na nia ya kusema, naapa alikuwa nayo, neno lilikuwa mdomoni. Lakini Zéphirin alimwahi. Alikuja mpaka mbele yake, na pale, mbele ya majirani, mbele ya wakubwa waliomfuata, mbele ya bwana wa shati jeupe, akapiga magoti juu ya changarawe nyeusi.

"Muzee Yuma," akasema, "niwaambie watu nilichofanya."

Majirani waliokwisha kumwona marehemu na uji wake wakatazamana. Mtu mmoja tu angeweza kumzuia, na huyo ndiye aliyekuwa amesimama mbele yake. Yuma alikuwa na pumzi moja ya kusema ndugu, simama, mama yuko hai. Pumzi hiyo akaimeza.

"Sema," akasema.

Zéphirin akasema. Hakuficha. Alisema kwamba aliona mwanamke mzee mstari wa mbele, akaona kitenge chake si cha wakubwa, akamwambia Janvier amwondoe. Alisema alijua viti ni vya Majengo na hakujali. Alisema alimtia muzee pesa mfukoni ili wageni wacheke. "Mama yangu aliuza makala," akasema. "Yeye angekaa pale, ningemwinua pia. Ningeona haya. Hicho ndicho kinaniumiza. Mama Shakila, unisamehe popote ulipo."

"Niko hapa," sauti ikasema.

Mama Shakila alikuwa mlangoni, ameshika fremu kwa mkono mmoja, bakuli la uji mkono wa pili. Mwanamke wa sambusa akaachia sufuria. Watu wa mstari wa mbele wakarudi nyuma pamoja na viti vyao. Zéphirin alibaki magotini, mdomo wazi.

"Ile ya mwisho sikuisikia vizuri," mama akasema. "Rudia."

Zéphirin, na hili lazima asifiwe, akarudia. "Unisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Simama, utachanika suruali."

Alisimama. Akapangusa magoti, akamtazama Yuma kwa muda, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulikuwa unajua," akasema. "Nilipokuwa chini pale, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ulinisikiliza mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho," Yuma akasema, na hata sasa kipande cha ule utamu kilikuwa bado hakijayeyuka.

Kulikuwa na vicheko vya hapa na pale, vya watu waliofarijika, lakini havikudumu. Maana jirani mmoja, Uwizeye, mjane wa fundi seremala, alikuwa ameinuka. Wote walimjua. Wiki ile ya vita alizika vijana wawili siku moja.

"Yuma," akasema, bila kupandisha sauti. "Siku ile nilituma mtu kwako kuomba viti. Ulinitumia jibu kwamba viko kwenye matanga mengine, nivumilie. Nilivumilia. Nimewalilia wanangu nimesimama tangu asubuhi mpaka jioni, na sikukusema popote, kwa sababu nilijua viko kwa mwenye kufiwa kama mimi." Akakikunja kitenge chake begani. "Sasa nitajuaje?"

"Vilikuwa kwenye msiba, Mama Uwizeye. Wallahi."

"Hata leo vilikuwa kwenye msiba."

Akatoka. Wengine wawili wakamfuata. Yuma akatafuta neno la kuwarudisha, akakuta yote aliyokuwa nayo ameyatumia mjini.

Mama Shakila ndiye aliyejaribu kuuokoa usiku. Alishuka ngazi, akaletewa kiti, akakaa, akamwita mjukuu wake. "Watu wamekuja kukusikiliza, na mimi sijafa. Ngoma ziko hapa, wenzako wako hapa. Imba ile yetu ya Kasongo. Tuimalize hii aibu kwa kitu kizuri."

Wapiga ngoma wakajiweka sawa. Wasichana wa kikundi wakasogea. Faida akasimama katikati ya mduara, akafuta uso kwa kiganja, akavuta pumzi kama alivyofundishwa, kutoka chini ya mbavu. Akafungua mdomo.

Ilitoka hewa. Akajaribu tena, ikatoka mkwaruzo, kama mlango wa bati unaoburutwa. Wapiga ngoma wakasubiri. Akashika koo.

"Sauti hakuna, koko," akanong'ona, na kwa kuwa watu wote walinyamaza, wote walisikia. "Nimeimaliza njiani."

Mama Shakila hakumtazama Yuma. Aliinuka, akamzungushia mjukuu wake kitenge, akaingia naye ndani. Ramla akafuata. Komeo likapita upande wa ndani.

Yuma akabaki uani. Mbele yake kulikuwa na watu mia tatu wamekaa, mikono mapajani, wakingojea, maana mtu haondoki kwenye matanga mpaka mwenyewe aseme. Zéphirin naye alikuwa amekaa. Mienge ya mmeza moto ilianza kuisha mafuta. Habarurema, aliyekuwa ametoka nje nyuma ya mama na kusimama kwenye kona ya ua, akasogea, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akakohoa.

"Mwenye matanga," akasema, "tunakaa ama tunaenda?"